Mtambuu umegeuka manjano, umeungua au unanyauka? Soma hapa kabla hujaongeza mbolea

Wengi tunaolima mitambuu huku pwani, kuanzia Unguja na Pemba mpaka Tanga na Mombasa, tunatumia samadi na mbolea ya chumvichumvi kwa pamoja, na hilo ni jambo zuri tu. Mtambuu ni zao la majani, kila ukichuma unaondoka na naitrojeni ya shamba, kwa hiyo samadi peke yake mara nyingi inachelewa, na urea peke yake kwenye kichanga inapita tu kwenda chini na maji. Shida ni kwamba ukitumia vyote viwili, kosa la kimoja linajificha nyuma ya kingine. Jani likiwa manjano mtu anatia urea, likizidi anatia tena, akishauriwa na jirani anamwaga na samadi ya kuku juu yake, kumbe mzizi ulishaoza wiki tatu zilizopita na kila anachoongeza anaumaliza kabisa.

Mimi nina sharti moja tu na silibadilishi: usiongeze chochote kabla hujafukua mzizi. Mizizi ya mtambuu inayokula iko juu juu, huhitaji jembe, tumia kijiti au vidole, fukua upande mmoja wa shina kina cha vidole vinne hivi. Mzizi mzima ni mgumu, ncha zake nyeupe. Ukikuta mweusi, laini, ukiuvuta ganda linavuka na kubaki kauzi katikati, huo umeoza. Ukikuta vinundu vinundu kama shanga, hao ni minyoo fundo. Na ukikuta mzizi safi kabisa ndio sasa tuzungumze habari ya mbolea.

Majani ya chini yanakuwa manjano jani zima, mmea umedumaa

Hii ndiyo naitrojeni pungufu ile ya kawaida, mmea unaivuta kutoka majani ya zamani kwenda machipukizi, kwa hiyo inaanzia chini. Lakini mtu atakwambia "mbona nimemwaga samadi toroli nzima?" Sasa hapo ndio uangalie samadi yenyewe ilikuwa nini. Samadi nyingi ya kuku tunayonunua imejaa maranda au pumba za mpunga kutoka kwenye banda, na vijidudu vya udongo vikianza kuozesha maranda vinahitaji naitrojeni, visipoipata ya kutosha kwenye maranda vinaichukua kwenye udongo, yaani vinagombania na mtambuu wako na vinashinda. Umeweka mbolea alafu umeufungulia mmea njaa. Inaweza kuchukua wiki kadhaa mpaka miezi kabla ile naitrojeni haijarudi.

Dawa ya haraka ni urea kidogo, kizibo kimoja cha soda kwa mita moja ya mraba, fukia kidogo alafu mwagilia, subiri siku kumi mpaka wiki mbili uangalie machipukizi. Usiangalie yale majani ya manjano maana hayo hayarudi. Na samadi inayofuata irundike kwanza, iloweshe, igeuze geuze, miezi miwili mitatu, ikiwa ina maranda mengi hata zaidi, mpaka ipoe na ikose harufu. Ukiwa na haraka changanya majani ya gilirisidia kwenye rundo, yana naitrojeni nyingi na yanaozesha vizuri, na wengi mnayo tayari shambani kama mti wa kuegemeza.

Kwenye kichanga kuna sababu nyingine, mvua za masika. Ukitia urea yote ya msimu mwezi wa tatu, mwezi wa tano iko kisimani. Gawa. Na hapa samadi ina kazi ambayo urea haiwezi kuifanya, inashika maji na inashika chakula, kwa hiyo kwenye kichanga tanguliza mboji, ya dukani ifuate kidogo kidogo.

Alafu kuna manjano ambayo si njaa hata kidogo, ni jua. Mtambuu unataka kivuli, na ukikata matawi ya mti wa kivuli kwa fujo, majani yaliyo upande wa jua yanapauka, wakati yale yaliyojificha nyuma bado kijani. Njaa haichagui upande. Ukiona upande mmoja tu, rudisha kivuli.

Majani machanga ndio manjano, mishipa imebaki kijani

Hapa watu wanapoteza pesa. Majani ya juu kabisa, yale machanga, yanakuwa manjano mpaka kukaribia weupe, lakini mishipa inachoreka kijani vizuri kabisa. Hiyo mara nyingi ni madini ya chuma, na si kwamba udongo hauna chuma, kipo ila kimefungwa kwa sababu udongo una chokaa nyingi. Wenye mashamba ya maweni, kwenye mawe ya matumbawe, hii wanaijua. Lakini nimeona pia kwenye kinongo kizuri kabisa, ule udongo mwekundu, na ukiuliza unakuta mwenye shamba kila siku anamwaga jivu la jikoni kwenye mashina kwa sababu aliambiwa jivu ni mbolea. Ni kweli ni mbolea, lina potasiamu, ila pia linapandisha pH, yaani linapunguza tindikali ya udongo, na ukirundika mahali pamoja mwaka mzima umejitengenezea maweni yako mwenyewe.

Ukiongeza samadi ya kuku hapa unaharibu zaidi, hasa ya kuku wa mayai maana nayo ina kalsiamu nyingi kwa vile wanalishwa chokaa na maganda ili mayai yawe na gamba gumu. Acha jivu, acha kuku. Tumia mboji ya ng'ombe au mbuzi iliyoiva na ya majani, na kama unatia naitrojeni ya dukani badili kutoka CAN, ile yenye kalsiamu, kwenda SA, hiyo salfeti ya amonia, kwa sababu yenyewe inaushusha udongo taratibu kuelekea utindikali. Kwa haraka kuna chuma cha kuyeyusha kwenye maji, lakini duka la pembejeo uwaulize kama ni cha EDDHA, maana hicho cha EDTA kwenye udongo wa chokaa hakidumu.

Na wale wa Minjingu: fosfeti ya Minjingu inayochimbwa kule Manyara ni nzuri na bei yake ina nafuu, ila inayeyuka kwenye udongo wenye tindikali. Ukiimwaga kwenye maweni itakaa pale pale kama mchanga. Huko tumia TSP au DAP, fosfeti za dukani zinazoyeyuka kwa urahisi.

Ikiwa manjano yako katikati ya mishipa lakini kwenye majani ya zamani, hiyo ni magnesiamu, hutokea sana kwenye kichanga kilichopigwa potasiamu nyingi. Chumvi ya Epsom gramu 10 kwa lita ya maji, mwagia kwenye udongo, na upunguze hiyo potasiamu.

Kingo za majani zimekauka, zimekuwa kahawia

Uliza swali moja: imetokea lini baada ya mbolea?

Ndani ya siku mbili mpaka tano, umeunguza. Ama urea imegusana na shina, ama samadi ya kuku ilikuwa mbichi, ama mashudu yameanza kuchacha kwenye mizizi. Mashudu watu wanayasahau, yawe ya pamba, ya nazi au ya mwarobaini, yakiloa yanapata joto kabla ya kutulia, yaweke wiki mbili kabla au yaloweke kwanza, na yakae mbali na shina angalau kiganja kimoja. Kama umeshaunguza, ondoa unachoweza kuondoa kwa mkono alafu mwagilia maji mengi matamu mara mbili tatu kwa vipindi, ila kama udongo wako ni kinamo, yaani mfinyanzi, usiudumbukize, utatoka kwenye kuungua uingie kwenye kuoza.

Kama imekuja taratibu, wakati wa kiangazi, na kisima chako kiko karibu na bahari, basi onja maji. Mtambuu hauvumilii chumvi, na mbolea ya dukani nayo ni chumvi, kwa hiyo maji ya munyu ukiongeza na MOP, mbolea ya potasiamu yenye kloridi, unakuwa umeongeza mara mbili. Hapo bora SOP, potasiamu isiyo na kloridi, ingawa ni ghali, au uchukue potasiamu kwenye mboji ya maganda ya ndizi na migomba, na mbolea za dukani upumzike mpaka mvua ikioshe udongo.

Kama ni majani ya zamani tu, polepole, udongo hauna chumvi na hujaweka kitu karibuni, ndio potasiamu pungufu yenyewe.

Kujua samadi kama imeiva hakuhitaji maabara. Chukua kiasi, iloweshe kidogo, funga kwenye mfuko wa plastiki mpaka kesho yake. Ukifungua ikiwa na joto au harufu inayochoma pua, bado. Njia nyingine, otesha mbegu za mchicha kwenye kopo lenye hiyo samadi iliyochanganywa na udongo nusu kwa nusu na kopo jingine la udongo mtupu, ukiona la samadi limeota vibaya au vimche vinaungua, usiipeleke kwenye mtambuu.

Ukichanganya mbolea inatoa harufu kali

Umechanganya urea au SA au samadi ya kuku na jivu au chokaa. Hiyo harufu ni amonia, yaani naitrojeni uliyoinunua inaondoka na upepo. Jivu na mbolea ya naitrojeni vikae mbali, wiki mbili tatu kati yao. Hata bila jivu, urea iliyoachwa juu ya udongo wa maweni inapotea hivyo hivyo, ndio maana nasema fukia.

Majani makubwa, meusi kwa ukijani, mazuri kabisa, alafu ghafla yanaoza

Hii ndio inayouma zaidi kwa sababu wiki mbili kabla yake mwenye shamba anakuwa anajisifu. Mtambuu uliolishwa naitrojeni kupita kiasi unatoa jani kubwa, laini, limejaa maji, shina nalo laini, na masika yakiingia anakuja Fitofthora, kimelea kinachofanana na fangasi, ndugu wa yule anayeua pilipili manga, si ajabu maana mtambuu na pilipili manga ni ukoo mmoja. Utaona madoa meusi yenye majimaji kwenye majani ya chini yaliyo karibu na udongo, kwa sababu matone ya mvua yanarusha udongo juu, alafu shina usawa wa ardhi linakuwa jeusi, mmea mzima unalegea na kunyauka wakati udongo umelowa. Mtu anaona kunyauka anamwagilia. Jamani.

Na hapa si urea tu yenye lawama. Nimeona shamba ambalo halijapata hata punje ya mbolea ya dukani, ni samadi ya kuku tu, ndoo kwa ndoo, na linaoza vile vile. Naitrojeni ni naitrojeni, mmea haujui imetoka kiwandani au kwa kuku.

Cha kufanya, kwa utaratibu huu. Simamisha naitrojeni yote, ya asili na ya dukani. Chimba mfereji maji yatoke kwenye matuta. Ng'oa miche iliyokufa pamoja na mizizi yake, ichome, usiitupe kwenye rundo la mboji maana utaurudisha ugonjwa shambani mwakani. Kata majani yote yanayogusa udongo na tandaza makuti au nyasi kavu ili mvua isirushe matope. Alafu mchanganyiko wa mrututu (salfeti ya shaba) na chokaa, ule wa Bordeaux, wa asilimia moja, mwagia kwenye udongo kuzunguka mashina yaliyobaki.

Kuutengeneza: gramu 10 za mrututu kwenye nusu lita ya maji, gramu 10 za chokaa iliyozimwa kwenye nusu lita nyingine, kisha mimina mrututu ndani ya chokaa huku unakoroga. Tumia ndoo ya plastiki, chuma kinaharibika. Chovya msumari uliosuguliwa uking'aa, ukitoka na rangi nyekundu ya shaba ongeza chokaa kidogo. Utumie siku hiyo hiyo, ukilala hauna kazi. Na tafadhali usinyunyizie kwenye majani unayotaka kuchuma, tambuu inaliwa mbichi, haipikwi.

Kuna na Trikoderma, fangasi rafiki, inauzwa kwenye baadhi ya maduka ya pembejeo, ukiichanganya kwenye mboji iliyoiva na kuiweka kabla ya masika inasaidia kuzuia. Ila mrututu unaiua nayo, kwa hiyo usivitumie pamoja, ama hiki ama kile.

Ukiona nyuzi nyeupe kwenye shina usawa wa ardhi na vipunje vidogo vya kahawia kama mbegu za haradali, huyo ni mwingine, fangasi wa Skleroti, na yeye anapenda sana samadi na mashudu ambayo hayajaoza yaliyorundikwa kwenye shina. Sogeza kila kitu mbali na shina, liache lipumue.

Unanyauka mchana, unarudi jioni, mizizi ina vinundu

Minyoo fundo. Hapa mbolea yoyote utakayoweka mmea hauwezi kuila vizuri, kwa hiyo utaona dalili zote za njaa, manjano, kudumaa, majani madogo, na ukiongeza urea unapata nafuu ya wiki moja tu. Ndio ugonjwa unaonifanya niseme fukua kwanza. Mashudu ya mwarobaini ndio mbolea yake, yanalisha na yanapunguza minyoo kwa pamoja, ukiyakosa twanga mbegu za mwarobaini zilizokauka, pwani zimejaa chini ya miti na hakuna anayeziokota. Usipande nyanya, bamia wala biringanya katikati ya mitambuu, wote hao wanafuga hiyo minyoo. Na vipando usichukue kwenye shamba lenye ugonjwa hata ukipewa bure.

Mchwa na funza weupe nao wanaletwa na samadi isiyoiva, hasa ya ng'ombe iliyokauka juani bila kuoza. Dawa yao ni ile ile, ivisha samadi kwanza.

Sasa kipimo ni ngapi

Huku kwetu wengi wanakadiria kwa jicho. Wahindi wamelima mtambuu kibiashara kwa karne nyingi, na kule Tamil Nadu wanapendekeza kilo 150 za naitrojeni kwa hekta kwa mwaka, nusu itoke kwenye mashudu ya mwarobaini, nusu kwenye urea, ikigawanywa mara tatu, ya kwanza siku 15 baada ya kuinua mitambaa na zinazofuata kila baada ya siku 40 hadi 45. Huo mgawanyo wa nusu kwa nusu ndio ninaoupenda kuliko hata namba yenyewe.

Ukiishusha kwenye tuta lako inakuwa hivi: kilo 150 kwa hekta ni gramu 15 za naitrojeni kwa mita ya mraba. Nusu yake kutoka mashudu yenye naitrojeni kama asilimia 5 ni gramu 150 za mashudu kwa mwaka. Nusu nyingine kutoka urea, ambayo ni asilimia 46, ni gramu 16 hivi kwa mwaka, ukigawa mara tatu unapata gramu 5 na kidogo, yaani kile kizibo cha soda nilichosema. Watu wanamwaga konzi nzima! Kama unatumia samadi badala ya mashudu, hesabu inabadilika, samadi ya ng'ombe ina naitrojeni ndogo na haitoki yote mwaka wa kwanza, kwa hiyo kilo mbili tatu kwa mita ya mraba si nyingi, lakini ya kuku ina nguvu mara mbili tatu ya hiyo, usiipime kwa ndoo ile ile.

Mpangilio ni huu, samadi au mashudu wiki mbili tatu kabla, urea baadaye udongo ukiwa na unyevu, na miezi ya mvua kubwa usitie kabisa. Kwa mvua zetu mimi naona bora kutia kabla ya vuli, na mara nyingine masika yakiisha, kuliko kufuata kalenda ya mtu mwingine.

Tambuu nzuri shambani, zinaharibika kwenye kibunda

Majani yaliyolishwa urea nyingi ni laini na yanaoza haraka yakifungwa, mnunuzi anakuja kulalamika siku ya pili. Acha urea wiki mbili tatu kabla ya mchumo mkubwa, chuma asubuhi umande ukishakauka, na majani yaliyooshwa yakauke kabla ya kufungwa.

Lingine ni usafi. Mwaka 2014 Umoja wa Ulaya ulizuia tambuu kutoka Bangladesh kwa sababu ya bakteria wa salmonela, na zuio likadumu miaka. Bakteria hao wanatoka kwenye vinyesi, kwa hiyo samadi mbichi na maji machafu ni njia yao ya wazi. Usimwage maji ya samadi juu ya majani, yapite chini. Usioshe tambuu kwa maji ya mtaroni. Na samadi iwekwe muda mrefu kabla ya kuchuma, si jana yake.

Umefanya yote na bado

Peleka udongo upimwe. Bara kuna kituo cha utafiti wa kilimo TARI Mlingano pale Muheza, wanashughulika na udongo hasa, na chuo kikuu cha kilimo SUA Morogoro, Zanzibar anzia kituo cha utafiti wa kilimo Kizimbani, Kenya shirika la utafiti wa kilimo KALRO. Chukua udongo wa sentimita 20 za juu kutoka sehemu nane mpaka kumi za shamba, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, toa nusu kilo, anika kivulini. Sehemu mbaya na sehemu nzuri zichukuliwe mbali mbali, kila moja mfuko wake, ndio utaona tofauti. Waombe pH, chumvi, naitrojeni, fosforasi na potasiamu, na kama maji ni ya kisima peleka na chupa ya maji. Usichukue udongo uliotiwa mbolea karibuni, subiri kama mwezi, na kwenye mfuko andika mbolea ya mwisho uliyoweka na tarehe yake, maana ndilo swali la kwanza watakalokuuliza.